Daftari la Safu Tatu

Hotuba ya mwalimu mzaliwa wa Mutakura, Bujumbura, katika kumbukumbu ya miaka 10 tangu kuvuka kuja Tanzania. Nyarugusu, mwaka 2025.



 Tuliombwa tuzungumze juu ya uchungu ambao binadamu hawezi kuuepuka, na jinsi mtu anavyoweza kupata maana ndani yake. Tulipoletewa kichwa hicho cha habari tuliogopa kidogo, maana sisi ni walimu wa shule ya msingi, si mapadri, si masheikh, wala si madaktari. Lakini jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kutufuata mpaka darasani, kwa hiyo tutaanzia huko.

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wa darasa la tano kazi ya kuandika ukoo wao. Ni kazi ya kawaida, kila aliyepita chuo cha ualimu anaijua. Unachora safu mbili, upande huu jamaa walio hai, upande huu waliofariki, na mtoto anaandika jina la kila mmoja na kazi yake. Mtoto mmoja akainua mkono akauliza: "Mwalimu, baba nimwandike wapi?" Tukamwuliza baba yuko wapi. Akasema hajui, mama yake hajui, na bibi yake hajui. Baba alitoka nyumbani Desemba 2015 na hakurudi.

Tulisimama na chaki mkononi. Chuoni tulifundishwa namna ya kumsaidia mtoto anayekosea hesabu na yule anayesinzia kwa njaa, lakini swali lile halikuwamo katika somo lolote. Mwishowe tuligeuka ubaoni tukachora safu ya tatu, tukaandika juu yake: Tunaowatafuta. Tulipokusanya madaftari jioni tuliona safu ile ina majina katika madaftari mengi, hata ya watoto ambao hawakuuliza kitu.

Wageni wetu wengine hawaijui Mutakura, na ni vizuri waijue kidogo. Ni mtaa wa kaskazini ya Bujumbura, katika zoni ya Cibitoke, si mbali na Ngagara na Kinama. Sisi tuliozaliwa huko mwishoni mwa miaka ya 1980 tuliukuta ni mtaa wa watu mchanganyiko. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993 nchi iliingia vitani, na katika miaka ya 1994 na 1995 mitaa ile ya kaskazini ikagawanywa kwa damu. Huyu hawezi kulala Cibitoke, yule hawezi kupita Kamenge. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi walikimbiana usiku mmoja. Baada ya Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, na miaka mingine ya vita baada yake, watu walianza kurudi polepole, wengine wakakuta nyumba zao zina watu wengine. Tuliishi hivyo, tukazoeana upya. Tarehe 26 Aprili 2015, maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalipoanza, vijana wa Mutakura wa makabila yote walikuwa barabarani pamoja. Tunalitaja hili kwa sababu watoto wetu wanapenda kuuliza kama tulifukuzana tena sisi kwa sisi. Hapana. Safari hii haikuwa hivyo.

Mwezi Mei tulishuka kupitia Rumonge na Nyanza-Lac, tukavuka mpaka kwa miguu, tukafika Kagunga. Waliopita pale hawahitaji kuelezwa. Kijiji kidogo cha wavuvi, mlima nyuma, ziwa mbele, na juu ya mchanga ule makumi ya maelfu ya watu. Maji ya kunywa na maji ya kuoshea watoto yalikuwa ziwa hilo hilo. Kipindupindu kikaingia, na mwezi ule vilitangazwa vifo 31. Meli ya MV Liemba ilitubeba kwa mamia mpaka Kigoma, tukalala katika Uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi mpaka hapa. (Wanafunzi wetu hupenda sana kusikia kwamba Liemba ni meli ya Wajerumani iliyozamishwa mwaka 1916 na kuopolewa mwaka 1924. Nasi hatuchoki kuwasimulia.)

Kule Kagunga tulimsikia mtu mmoja akimwambia mama aliyefiwa na mtoto kwamba hayo yote yana sababu yake. Mama yule hakujibu. Sisi tulinyamaza pia, na mpaka leo tunajuta kunyamaza, kwa sababu sababu tuliijua. Mtoto yule alikosa maji safi na dawa ya chumvi na sukari. Lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Darasa la tano wanayajua haya kwa moyo. Kifo cha namna hiyo hakina fumbo la kutafutiwa maana. Kilizuilika, basi kilipaswa kuzuiwa.

Chuoni, mwalimu wetu wa saikolojia alitusimulia habari za Viktor Frankl, daktari Myahudi wa Vienna aliyefungwa katika kambi za Wanazi, Auschwitz ikiwamo. Vita vilipokwisha mwaka 1945 alikuwa amekwisha kupoteza baba, mama, ndugu na mke. Mwaka 1946 alitoa kitabu chake, na watu wanakitaja mpaka leo kwamba mtu aweza kupata maana hata katika mateso. Wanaokitaja husahau upande wa pili. Daktari yule aliandika pia kwamba mateso yanayoweza kuondolewa yaondolewe kwanza, na kwamba kuyabeba bila lazima si ushujaa. Kwa hiyo mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, hilo halikuwa jambo la kutafutiwa maana. Lilikuwa jambo la Kamati kuandika barua. Foleni ya bomba ni hivyo hivyo, na turubai linalovuja ni hivyo hivyo. Ndugu zetu wa mashirika watuwie radhi: semina za ustahimilivu tumehudhuria, soda tumekunywa, vyeti tunavyo, na tulijifunza mambo mazuri. Lakini mtu asifundishwe kustahimili kitu ambacho fundi wa bomba anaweza kukimaliza kwa asubuhi moja.

Basi ukiyatoa hayo yote, kinabaki nini? Kinabaki kile ambacho barua haiwezi. Tuseme la nyumbani kwetu.

Tulipoondoka Mutakura mdogo wetu alibaki kulinda nyumba. Alikuwa fundi baiskeli, na wateja wake wengi walikuwa vijana wa taksi za baiskeli, wasiolipa kwa wakati. Tulizungumza naye kwa simu kila Jumapili. Tarehe 11 Desemba 2015 kambi za jeshi mjini Bujumbura zilishambuliwa, na siku ile na ya pili yake watu wengi waliuawa katika mitaa yetu, Musaga, Nyakabiga, Ngagara, Cibitoke, Mutakura. Serikali ilitangaza waliokufa ni 87. Mashirika ya haki za binadamu yalisema ni wengi kuliko hao. Januari 2016 Amnesty International ilitoa picha za setilaiti zilizoonyesha ardhi iliyofukuliwa Buringa, nje ya mji. Sisi hatujui kama mdogo wetu yuko pale, au yuko kwingine, au yuko hai. Simu yake ilizimwa tarehe 12. Jirani alisema alimwona asubuhi akifungua banda lake la kazi. Ni hayo tu tuliyo nayo.

Kwetu Burundi mtu akizikwa, baada ya siku chache kuna guca ku mazi, na baadaye kuna kuganduka, siku ambayo matanga yanakwisha kabisa. Wazee wetu walilaza jembe siku za kilio, na kilio kikiisha kazi inarudi. Lakini ganduka ya mtu asiye na kaburi inafanywaje? Mama yetu alikataa. Alisema kumfanyia kuganduka ni kumwua kwa mkono wake. Katika mizigo tuliyovuka nayo kulikuwa na spana za mdogo wetu, zilizoingia mfukoni kwa haraka ya kufungasha. Mama alizifunga katika kitenge akaziweka chini ya kichwa alipolala. Mtu akiomba kuazima spana alijibu kwamba mwenyewe hajafika.

Tunajua mnatusikiliza mkiwaza mama zenu wenyewe, kwa sababu nyumba za namna hii ni nyingi hapa.

Watu walikuja kumfariji. Wengine walimwambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali nzuri mahali pake, lakini hapa haina mahali, maana kwa mama jambo hili halijapita. Lingekuwa limepita, lingekuwa na tarehe. Wengine walimwambia kwamba Mungu anamfundisha kitu. Aliyemsaidia ni mama mmoja Mkongomani wa kijiji cha pili, mtu wa Makobola, huko Fizi, mahali palipouawa mamia ya watu mwishoni mwa mwaka 1998 na mwanzo wa mwaka 1999. Naye ana wake wasio na kaburi. Alikuja na mkaa, akawasha jiko, akauliza: "Kijana wako alikuwa mtu wa namna gani?" Kwa miezi mingi hakuna aliyekuwa amemwuliza mama swali hilo. Wote tulikuwa tukimwambia, hatumwulizi. Akasimulia mpaka giza likaingia, hadithi za utotoni, hadithi za wateja wasiolipa, na alicheka mara moja, nasi tuliokuwa nje tukasimama tusikilize.

Walikutana hivyo mara nyingi. Mwaka wa tatu mama aliita kijana wa jirani aliyekuwa akitengeneza baiskeli kwa jiwe na msumari, akamfungulia kitenge. Alimwambia spana si zake, ameazimwa, na mwenyewe akija zirudishwe. Kijana yule ameziazima mpaka leo. Kuganduka hatujafanya, na mama hataki tulitaje.

Mtu akituuliza kama mdogo wetu alipotea ili kijana yule apate kazi, tutamfukuza mlangoni. Tunaye pia mfano mkubwa zaidi. Tarehe 24 Oktoba 1993 huko Ruyigi, Marguerite Barankitse alifungwa kamba akalazimishwa kutazama watu 72 wakiuawa. Baada ya hapo alikusanya watoto waliosalia akaanza Maison Shalom, akalea maelfu, na mwaka 2015 naye akawa mkimbizi kama sisi, huko Rwanda. Wale 72 hawakufa ili nyumba ile ipatikane. Nyumba ilijengwa na mtu, haikujengwa na mauaji. Hivyo ndivyo tunavyoelewa sisi jambo hili la maana. Uchungu wenyewe hauna kitu mfukoni. Anayekuja kuketi na mkaa wake ndiye anayeleta.

Sasa ombi letu, na hapa tunajua Kamati haijakubaliana. Walimu tunapendekeza daftari moja kubwa la safu ya tatu kwa zoni zetu. Wapo wanaopinga, na sababu zao ni za kweli. Wengine wamejiandikisha kurudi Burundi na wanaogopa jina kuonekana. Wengine wanasema ni kuwahesabu watu hai kuwa wafu. Kwa hiyo hakuna atakayelazimishwa, daftari halitapigwa picha wala kutolewa nje bila idhini ya aliyeandikisha, na anayetaka kufuta atafuta kwa mkono wake. Kazi ya kutafuta ndugu inabaki kwa Msalaba Mwekundu, hatuwaingilii.

Kwa nini tusisitize? Mwaka 2020, huko Karusi kando ya mto Ruvubu, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilifukua makaburi ya mwaka 1972 na kukuta mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Miaka 48 ilikuwa imepita. Baadhi ya marehemu walitambuliwa kwa nguo, kwa miwani, kwa rozari. Walitambuliwa kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekumbuka baba alivaa nini siku ile. Mama zetu wanakumbuka leo. Baada ya miaka 48 watakuwa wapi?

Tutakuwa shuleni kila Jumamosi baada ya saa nane, mwalimu mmoja na mama mmoja, ili asiyetaka kusema mbele ya mwanamume asikwame. Tutauliza jina, mtaa, kazi, nguo za siku ya mwisho, na tutauliza alikuwa mtu wa namna gani. Hilo la mwisho tumeliachia kurasa mbili kwa kila jina. La kwanza tumeliandika sisi wenyewe, mama akitutajia: fundi baiskeli wa Mutakura, shati la mistari ya bluu, kandambili, ya kushoto imeshonwa kwa waya wa breki.