Simu Inayotazama Kinyesi cha Kuku

(Mazungumzo kwa wanakisomo wa Kisaki, Morogoro)



Leo tunazungumza juu ya kuku. Wengine mlitegemea ng'ombe, maana ng'ombe ndiye mwenye heshima. Lakini katika nyumba nyingi chumvi na daftari la mtoto hutoka kwa kuku. Na kideri, ambacho wengine mnakiita mdondo, kikiingia kijijini humaliza banda zima kwa siku chache.

Siku hizi mashine inaweza kufundishwa kutazama picha ya kinyesi cha kuku, iliyopigwa kwa simu, ikataja ugonjwa. Ufundi huu huitwa akili mnemba. Wengine husema akili bandia. Si uchawi, wala ndani ya simu hakuna mganga. Tueleze ilivyofanyika hapa hapa nchini.

Mwaka 2020 na 2021, Dkt. Dina Machuve na wenzake wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, walikusanya picha za kinyesi cha kuku katika mabanda ya Arusha na Kilimanjaro. Kila picha ilipewa jina: kuku mzima, kuhara damu, salmonela, au kideri. Sampuli nyingine zilipimwa maabara ili kuthibitisha. Kisha mashine ikaonyeshwa picha hizo, ikarudiwa na kurudiwa, mpaka ikazitofautisha. Ndivyo ninyi mlivyojifunza kusoma. Mwalimu alionyesha "ba", mkasema "ba", mpaka leo mnaitambua hata gazetini. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2022.

Hapo sasa tegeni masikio. Mtu aliyefundishwa herufi nne tu, ukimwonyesha ya tano, atasema sijui. Mashine ya namna hii, kama haikufundishwa kusema haijui, itachagua mojawapo ya yale majina manne. Kuku wako ana minyoo, au amekula sumu ya panya, yenyewe itasema salmonela, tena bila aibu! Isitoshe, picha zilizopewa majina kule mabandani zilikuwa zaidi ya 6,000, lakini za kideri hazikufika 400. Yaani ugonjwa tunaouogopa kuliko yote ndio ilioonyeshwa mara chache zaidi. Na wale walikuwa kuku wa kaskazini, siyo hawa wetu wanaochakura jalalani Kisaki.

Mama mmoja ametuuliza: basi simu hiyo ina faida gani? Ipo, mama, ila ujue kuitumia. Tuseme simu imetaja kuhara damu, ukakimbilia dukani kununua dawa, kumbe ni kideri. Fedha imekwenda na kuku wanakufa. Kideri huletwa na kirusi, hakina dawa. Zile kapsuli za binadamu tunazowatumbukizia kuku mdomoni hazikiwezi kabisa. Tena huvizoeza dawa vijidudu vingine, na siku mtoto akiugua kwa vijidudu hivyo, dawa ile ile haimsaidii.

Kwa hiyo jibu la simu lichukue kama fununu. Piga picha ya kinyesi kibichi, mchana, kivuli chako kisiingie. Kisha mtumie bwana mifugo picha hiyo pamoja na maneno. Kwetu sisi maneno yana uzito kuliko picha. Una kuku wangapi? Wamekufa wangapi, tangu siku gani? Ni vifaranga tu au hata wakubwa? Shingo zimepinda? Wanakoroma? Walichanjwa lini? Mtu anayeweza kuandika hayo kwa mistari mitano amemrahisishia bwana mifugo kazi. Hata jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, pale Morogoro mjini, wamefuata njia hiyo. Kituo chao cha SACIDS kilitengeneza programu ya simu iitwayo AfyaData, na watu wa vijijini waliofundishwa wakaitumia kupeleka taarifa za dalili za magonjwa ya watu na ya mifugo.

Asiye na simu ya namna hiyo asione ameachwa. Akiandika kwenye karatasi, kijana mwenye simu atamtumia.

Mzee wetu hapa mbele anataka kujua kuhusu kuku waliokwisha kufa. Mzee, wachomwe au wafukiwe shimo refu. Wasitupwe mtoni, na walio wagonjwa wasipelekwe gulioni, kwani hapo ndipo kideri kinapopanda gari kwenda kijiji kingine.

Kinga yake ni chanjo ya I-2, inayotengenezwa Kibaha. Ni tone 1 jichoni kila baada ya miezi 3, kwa kuku walio wazima tu. Haya, fungueni madaftari tuandike pamoja: tarehe ya chanjo, idadi ya kuku, tarehe ya kurudia.