Timu ya Chuo na Wachezaji wa Kuazima

Juma lililopita nilikuwa narudi Dar es Salaam kutoka Dodoma kwa treni ya umeme, hii iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Tuliposimama Kilosa wakapanda vijana kumi na watatu hivi, jezi za rangi moja, na mfuko wa wavu umejaa mipira. Mmoja akakaa kando yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyinyi timu ya wapi?"

"Ya chuo, mzee. Tunakwenda Morogoro, tuna mechi ya kirafiki."

Nikamwuliza msimu unakwendaje. Akaguna. "Tulianza vizuri sana. Ila wenzetu wa mwaka wa pili wameondoka kwenda fildi. Tumebaki hawa unaowaona."

Nilicheka peke yangu mpaka kijana akanitazama. Siku zetu tukisema mafunzo ya vitendo, wao wanasema fildi, lakini kidonda ni kile kile.

Nami nilisoma Kilosa. Vyuo vya wilaya ile si haba: Ilonga kuna cha ualimu na cha kilimo, mjini kuna cha tiba, na Mikumi siku hizi kuna cha ufundi cha VETA. Changu sitakitaja, kwa sababu utakayoisikia mbele. Mwaka 1997 nilikuwa katibu wa michezo. Mpira wenyewe sikuujua, ila mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na katibu ndiye anayejaza fomu.

Tuliingia ligi ya wilaya mwezi wa saba. Wilaya ya Kilosa wakati ule ilikuwa bado haijamegwa. Gairo, iliyokuja kupewa wilaya yake mwaka 2012, ilikuwa ndani, kwa hiyo ligi moja ilianzia barabara ya Dodoma ikaishia barabara ya Iringa, pale Mikumi. Usafiri wetu ulikuwa lori la chuo, lile lile la kuni na mahindi. Katikati ya Kilosa na Mikumi kuna mahali panaitwa Ulaya, na kila tulipopita pale wachezaji walipiga kelele kwamba wamefika Ulaya bila pasipoti. Utani huo haukuchakaa msimu mzima.

Mechi sita za kwanza hatukufungwa. Wenye timu za mjini walisema tuna dawa. Hatukuwa na dawa yoyote. Timu ya mtaani hufanya mazoezi siku ambayo beki hajaenda shamba na golikipa hajapata kibarua. Sisi tulilala bweni moja, tukala maharage ya sufuria moja, na saa kumi jioni kila mtu yuko uwanjani apende asipende. Mkiishi hivyo miezi miwili, pasi zinakwenda zenyewe.

Kisha ukaja mwezi wa tisa, na karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Saba kati ya kumi na mmoja wetu wa kwanza walipangiwa mafunzo ya vitendo, huyu Kidodi, yule Msowero, wengine nje kabisa ya wilaya. Tulikuwa tumebakiza mechi moja kubwa, Mikumi, kwao. Tukishinda tunakwenda ngazi ya mkoa.

Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Mwalimu wa michezo alikuwa ameniachia kadi za wachezaji. Nilipanda baiskeli mpaka Kimamba nikawaona vijana wawili, hodari kweli kweli, ambao darasa la chuo hawakulijua hata kwa dirishani. Nikawaandika kwa majina ya wenzetu walioondoka. Kadi zilikuwa na picha, lakini picha nyeusi na nyeupe iliyolowa jasho msimu mzima, kila kijana anafanana na mwenzake. Sikumwambia mtu nje ya timu. Neno mamluki tulilijua vizuri, tukilitumia kwa timu za watu wengine.

Sasa, tulikuwa na beki wa akiba. Kijana mpole, mwaka wa pili, bweni langu. Misimu miwili hakukosa mazoezi hata siku moja. Ndiye aliyechora mistari ya uwanja kwa majivu ya jikoni, ndiye aliyejaza mipira upepo, ndiye aliyehesabu jezi baada ya mechi. Hakuwahi kucheza mechi ya ligi. Mmoja wa walioondoka alikuwa namba tatu, na nafasi hiyo, kwa haki yote, ilikuwa yake. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kundi la kuondoka juma lililofuata. Alikuwa ameazima daluga na kuzipaka rangi.

Uwanjani Mikumi watu walifurika. Magari ya mizigo ya Zambia yalisimama barabarani, madereva na utingo wakaja kutazama. Nilipomkabidhi refa orodha, yule kijana alikuwa amekwisha kufunga kamba za viatu. Jina lake likasomwa miongoni mwa wa akiba. Alinitazama mara moja tu, akazifungua.

Tulishinda moja bila. Aliyefunga, kwa kichwa, ni mmoja wa wale wa Kimamba. Hakuna aliyekata rufaa. Tuliimba njia nzima usiku, dereva anaogopa tembo, sisi hatuogopi chochote. Nyuma ya lori kijana wetu alikuwa akihesabu jezi, akasema imepungua moja. Tukarudi kuitafuta? Tulimzomea.

Na huko mkoani, utauliza? Hatukufika. Mashindano ya mkoa yalipangwa wakati chuo kimefungwa. Wachezaji walikuwa makwao, wengine wamemaliza kabisa na vyeti mkononi, na zile mvua kubwa za El Niño zilikuwa zimeanza kuharibu njia. Ushindi wa Mikumi haukutufikisha hata stesheni.

Watu wa Morogoro tunajivunia mpira wetu, na tuna haki. Mseto ilitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1975, na Mtibwa Sugar ikautwaa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Lakini Mtibwa ilikuwa timu ya kiwanda. Kiwanda kikipata winga mzuri humpa kazi, na mwakani yupo. Chuo kikipata winga mzuri humpa cheti, na mwakani hayupo. Ndiyo maana mimi husikitika ninaposikia makatibu wa leo wakilaumiwa kwa mamluki, kana kwamba wamezaliwa na hila. Hila tulikuwa nayo, sikatai. Lakini anayepanga ratiba ya ligi bila kuitazama kalenda ya vyuo naye ana mkono wake humo. Ligi ya vyuo vya wilaya ile ile, ikianza na muhula na kwisha kabla ya mafunzo ya vitendo, haihitaji fedha nyingi. Inahitaji wakuu wachache waketi meza moja na kalenda mbili.

Basi kule kwenye treni kijana akaniuliza, "Mzee ulikuwa unacheza namba ngapi?"

"Sikucheza. Nilikuwa katibu."

"Aa."

Nikamwuliza nafasi za wale walioondoka wameziba na nani. Nilitaka kujua, na niliogopa jibu. Akanionyesha kiti cha mbele, kijana amelala kichwa kimeegemea dirisha, daluga ziko mapajani.

"Yule mmoja. Alikuwa akiba tangu mwaka jana. Leo ndiyo anaanza."

Treni ilikuwa inaingia Morogoro. Mwenzake akamgusa bega kumwamsha.