Picha ya Kendwa ina mwenyewe



Ukifika Kendwa, kaskazini mwa Unguja, saa kumi na moja za jioni utawakuta wapiga picha wameshajipanga. Pwani ile inatazama magharibi, jua linazama baharini mbele ya macho, na maji hayakupwi mbali kama kule Paje au Jambiani. Ndiyo maana maharusi wa kigeni wanaipenda. Vijana wetu wanachapa kazi pale: mchanga unaingia kwenye lenzi, chumvi inakula kamera, na ule mwanga mzuri wa magharibi haumngojei bwana harusi aliyechelewa. Kazi wanaiweza. Kinachowaumiza ni makubaliano yasiyoandikwa.

Tuchukue mfano ambao mpiga picha yeyote wa kaskazini ataufahamu. Hoteli inamwita kijana apige picha za harusi. Wanapatana kwa mdomo, analipwa ujira wake, picha anazituma kwa WhatsApp. Msimu ukiingia, picha yake ya bibi harusi akitembea ufukweni, ngalawa inapita nyuma yake, imo kwenye tovuti ya hoteli, imo kwenye bango la barabarani, imo kwa mawakala wa utalii huko Ulaya. Jina lake halimo popote. Akiuliza anajibiwa, "Kaka, si tulishakulipa?" Kulipwa alilipwa, lakini ilikuwa kwa kuwapigia picha maharusi. Kuitangaza hoteli ni biashara nyengine, na ina bei yake.

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba kutoka nje. Naamini wengi wao waliziona fukwe zetu kwenye simu kabla hawajakata tiketi. Picha ndiyo iliyowaleta, kwa hiyo aliyeipiga ana fungu lake katika biashara hii, na mimi naona ni dhulma kumnyima.

Sheria ipo. Hakimiliki si jambo la Muungano. Zanzibar tuna sheria yetu ya mwaka 2003, na tuna ofisi ya hakimiliki, COSOZA, ya kuisimamia. Picha ni miongoni mwa kazi zinazolindwa. Tena Tanzania imo katika Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, na mkataba huo haumlazimishi mtu asajili kazi yake ndipo ilindwe. Haki inaanza pale picha inapopigwa. Kijana anayedhani hana lake kwa sababu hajasajili amejinyima mwenyewe.

Kinachomshinda ni ushahidi. Picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, na zile taarifa zilizomo ndani ya faili, tarehe, kamera, jina la mpigaji kama aliliweka, zinafutika. Hoteli inabaki na picha isiyo na baba. Kwa hiyo ndugu zangu, faili asili lililotoka kwenye kamera lisifutwe hata kama diski imejaa. Siku ya kufika mbele ya hakimu, hilo ndilo shahidi wenu.

Na kuna aliyeshinda. Daniel Morel, mpiga picha wa Haiti, aliziweka mtandaoni picha zake za tetemeko la ardhi la mwaka 2010. Shirika la habari la Ufaransa, AFP, lilizichukua na kuzisambaza bila idhini yake, pamoja na kampuni ya Getty. Mwaka 2013 baraza la wazee wa mahakama mjini New York likaamua alipwe dola milioni 1.2. Picha kuwekwa hadharani hakuigeuzi kuwa mali ya kila mpitaji.

Hapa kwetu picha kutumika bila jina la mpigaji si jambo geni. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe mwaka 1930, akapiga picha za Sultani na za watu wa mitaani. Leo ukiona picha kongwe ya Unguja ukutani mwa mkahawa, mara ngapi umekuta imeandikwa nani aliipiga? Hata pale ambapo malipo si suala, jina linastahili kuandikwa.

Sasa niseme na wapiga picha wenyewe, maana haki hii ina upande wa pili. Yule fundi wa majahazi wa Nungwi aliyeinama juu ya mbao, yule mvuvi anayetengeneza wavu, wale watoto wanaorukaruka majini, nao wana haki katika sura zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imelitilia nguvu suala la ridhaa, lakini hata kabla ya sheria palikuwa na adabu ya kubisha hodi. Kumpiga mtu picha bila kumuuliza, kisha kuiuza, ni jambo lile lile mnalolilalamikia. Mtoto aombewe idhini kwa mzazi wake, na aliyekataa aachwe.

Halafu kuna wageni wanaokuja na viza ya matembezi na mabegi ya kamera, wakapiga picha za harusi nzima na kuondoka. Mwenyeji anayelipia leseni na kodi hawezi kushindana na asiyelipa chochote. Mgeni akitaka kufanya kazi, na achukue kibali cha kazi. Orodha iliyotolewa Bara mwezi Julai 2025, ya biashara 15 walizokatazwa wasio raia, haikuitaja kazi ya picha, na leseni za biashara Zanzibar zina utaratibu wake. Tusingoje ulinzi kutoka kule.

Ninachokitaka kinaanzia kwenye karatasi moja ya Kiswahili. Iandikwe nani mwenye picha, hoteli itazitumia wapi na kwa muda gani, arubuni ni kiasi gani, salio litalipwa lini. COSOZA waitayarishe, waje nayo Kendwa na Nungwi, wakae na vijana pale pale wanapofanyia kazi, badala ya kuwangojea mjini. Na meneja wa hoteli anayeweza kusaini mkataba na muuza samaki na mfua mashuka, asaini na mpiga picha kabla kamera haijatolewa mkobani.