Kununua Fimbo za Gofu kwa Mara ya Kwanza

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Kwa idhini yenu nataka kunena juu ya jambo ambalo kwa wengine laweza kuonekana kuwa la mchezo tu, walakini limekwisha kufika mezani pa chama chetu. Nimearifiwa kwamba yapo maombi matatu ya mkopo, na kila moja ni la kununua seti kamili ya fimbo za gofu. Sikusimama hapa ili kuwazuia waombaji wasicheze. Wazee wetu wengi waliingia katika viwanja vile wakiwa wabeba mifuko ya watu wengine, na si haba kwamba leo karani aingia kwa lango lile lile akiwa na mfuko wake mwenyewe begani. Swali langu ni hili tu: ndani ya mfuko huo muwe na nini?

Yanipasa kwanza kukiri kosa langu. Nilipoanza mchezo huu nilikopa, nikanunua fimbo 14 mpya kwa siku moja, maana niliona haya kusimama mbele ya wakubwa wa idara na mfuko uliolegea kama gunia tupu. Muuzaji alinisifia mipini migumu, iliyoandikwa herufi S, akasema kuwa hiyo ndiyo ya wanaume. Sikujua kwamba mpini mgumu hufaa mtu apigaye kwa kasi nyingi, nami sikuwa na kasi hiyo wala sinayo hata leo. Mwaka mzima mipira yangu iliruka chini chini, ikaangukia vichakani upande wa kuume. Makato ya mshahara yaliendelea miezi 18, na muhula mmoja ada ya mwanangu ikachelewa. Mwisho nilipohesabu fimbo nilizokuwa nikizitumia kweli, nilikuta ni 6.

Watu hudhani kuwa 14 ni idadi iliyoamriwa. Sivyo. Zamani hapakuwa na kikomo, hata wachezaji wengine wakawabebesha watu fimbo zaidi ya 20. Ndipo Wamarekani walipoweka kikomo cha fimbo 14 mwaka 1938, na wakuu wa mchezo wa St Andrews, huko Scotland, wakafuata mwaka 1939. Kikomo hicho ni cha juu. Cha chini hakipo. Chick Evans, Mmarekani aliyeanza akiwa mbeba mifuko, alishinda mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 1916 kwa fimbo 7, tena za mipini ya mti. (Huyo ndiye aliyeanzisha msaada wa kuwasomesha wabeba mifuko, na vijana wa kwanza wakaingia chuo kikuu mwaka 1930. Habari hiyo yastahili mkutano wake.)

Basi mwenye kuanza na atafute kwanza fimbo ya kusukumia, ile itumikayo kwenye majani mafupi karibu na shimo, kwa kuwa ndiyo atakayoishika mara nyingi kuliko zote. Kisha fimbo za chuma namba 7 na namba 9, na ile ya mchanga ambayo uso wake umeinama digrii 56 hivi. Kwa masafa marefu yatosha haibridi moja, na fimbo moja ya aina iitwayo ya mbao, ijapokuwa siku hizi vichwa vyake ni vya chuma. Namba 5 ni pole kuliko namba 3. Draiva na ingoje. Uso wake umesimama karibu wima, na mpini wake wafika inchi 45, hivyo kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa la mpira.

Katika fimbo za chuma, chagua zile ambazo nyuma ya kichwa pamechimbwa, na uzito ukapelekwa pembeni. Mpira ukigusa nje ya katikati, kichwa cha namna hiyo hakipinduki upesi. Zile nyembamba zenye mgongo laini ni nzuri kutazamwa, nazo ni za mafundi.

Urefu wa mtu peke yake si kipimo. Simama wima umevaa viatu, mikono ikining'inia, mwenzako apime toka kifundo cha mkono hadi sakafuni. Ikiwa ni inchi 34 hadi 36 hivi, yaelekea mipini ya urefu wa kawaida itakufaa. Tena wapo kati yetu wenye shoto waliolazimishwa shuleni kuandika kwa mkono wa kuume. Hao wajaribu pande zote mbili kabla ya kutoa fedha. Bob Charles wa New Zealand, aliyeshinda mashindano ya wazi ya Uingereza mwaka 1963, alicheza kwa shoto ilhali kazi nyingine alizifanya kwa mkono wa kuume.

Na kwa nini ziwe mpya? Fimbo iliyotumika haina aibu, ila yataka macho. Itikise: kichwa kikilia, iache. Tazama mpini kama kutu imeula, na mistari ya usoni kama imefutika. Kishikio kikiwa kigumu na chenye kung'aa, usiogope, maana hubadilishwa kwa fedha kidogo. Zipange za chuma moja kando ya nyingine. Kila namba ikipanda, mpini hupungua yapata nusu inchi. Uionapo moja imevunja mpango huo, ujue imekatwa au imetoka seti nyingine.

Bwana Mwenyekiti, naomba maombi yale matatu yasikataliwe, bali yarudishwe kwa wenyewe wayaandike upya kwa fimbo 6. Za kwangu nimezileta, ziko chini ya mwembe hapo nje, na utepe wa kupimia anao Bwana Katibu. Atakaye kujaribu na aje kabla jua halijazama.