Injini Nayo Hupumua

(Hotuba iliyotolewa Mikocheni, Dar es Salaam, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Mimi ni mtumishi wa serikali. Kazi yangu ni mafaili, si spana. Lakini gari langu la mtumba kutoka Japani limenirudisha darasani.

Gari hilo lilianza kuvuja oili nyuma ya injini. Gereji moja ikashusha giaboksi na kubadilisha sili ya krenki. Baada ya miezi miwili oili ikarudi. Giaboksi ikashushwa tena, nami nikakopa tena.

Mara ya tatu, kijana anayejifunza kazi pale gereji alichomoa vali ndogo juu ya injini, akaitikisa karibu na sikio langu. "Sikiliza, mzee. Ingekuwa nzima ingelia. Imeziba."

Wadogo zangu, petroli ikiwaka ndani ya silinda, gesi huisukuma pistoni. Lakini kiasi kidogo hupenya kwenye ringi na kushuka chini, krenki inakozungukia na oili inakokaa. Gesi hiyo ina mvuke wa maji na petroli isiyoungua. Isipotolewa, oili hugeuka tope, presha hupanda, na oili husukumwa nje kupitia sili.

Zamani gesi hiyo iliachwa itoke nje, ikachafua hewa. Mwaka 1961 jimbo la California, Marekani, liliamua magari mapya ya kuanzia mwaka 1963 yawe na vali ya kuirudisha injini ikaungue. Vali hutumia mvuto wa hewa wa injini yenyewe: gari likiunguruma kwenye foleni hufunguka kidogo, likipanda mlima hufunguka zaidi.

Vali mpya ilinigharimu chini ya bei ya sili moja, na uvujaji umekwisha. Hata hivyo, ringi zikichakaa sana, gesi huzidi uwezo wa vali, hata iwe mpya.

Yule fundi wa kwanza simlaumu sana. Nami ofisini nimewahi kuziba mahali malalamiko yanapotokea, bila kuuliza presha inatoka wapi.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Ila kabla ya kuziba, tuulize kwanza nini kimeupasua.