Dakika Kumi na Tano za Zamu: Kinga ya Masikio kwa Wahandisi wa Injini za Meli



Sikuja kuwaambia kwamba kelele huleta uziwi. Hilo kila mtu wa injini rumu analijua, na baadhi yetu tangu asubuhi tunazungumza kwa sauti kubwa kuliko ukumbi huu unavyohitaji. Ninachotaka tukijadili ni kwa nini masikio yanaendelea kuharibika kwenye meli ambazo kinga zipo, tena nzuri. Maoni yangu ni kwamba tunahesabu vifaa na kusahau kuhesabu dakika.

Desibeli zina hesabu yake. Kila zinapoongezeka 3, nishati ya sauti huwa maradufu, na muda ambao sikio linaweza kuvumilia hupungua kwa nusu. Kwa kipimo wanachokifuata wataalamu wengi wa afya kazini, desibeli 85 huvumilika kwa saa 8, 88 kwa saa 4, na 91 kwa saa 2. Ukifika 100, una dakika 15 kwa siku nzima. Katikati ya jenereta zinazofanya kazi, 105 si jambo la ajabu, na hapo hupewi hata dakika 5.

Sasa tumchukue oila, mpaka mafuta wa injini, wa zamu ya saa 4 katika kelele hiyo ya 105. Amevaa kinga inayopunguza desibeli 30, kwa hiyo sikio lake linapata 75, na hana wasiwasi. Lakini anaivua kidogo kupokea simu, anaivua tena kumsikiliza sekenda (mhandisi wa pili), kisha anaivua kufuta jasho. Jumla ni dakika 15. Piga hesabu ya wastani wa zamu nzima: amepata desibeli 93, si 75. Kinga ya 30 imegeuka kinga ya 12. Ni chandarua chenye tundu. Mbu hawaulizi sehemu iliyobaki ina ubora gani. Na hapo nimechukulia kwamba ile 30 iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kweli. Namba hiyo hupatikana maabara, kwa mtu aliyevaa vizuri, asiye na miwani, kilemba wala hijabu chini ya vifuniko vya masikio.

Mbona wanavua? Joto ni sababu mojawapo, na si uvivu: vifuniko vikibana kichwa kwenye nyuzi 40 na zaidi, mtu atavivua tu. Lakini sababu nzito ni nyingine. Chifu injinia wa siku nyingi atakwambia, “Nikivaa siisikii mashine.” Kwake sikio ni chombo cha kazi, kwa sikio anajua beringi imeanza kulia, au vali inavuja, kabla geji haijasema lolote.

Wakufunzi wengi hulipuuza jibu hilo. Mimi naliona ndilo kiini cha mada hii. Kinga hushusha kelele ya injini na mlio wa hitilafu kwa pamoja. Kwa mwenye masikio mazima, katika kelele kubwa hasara ni ndogo, na mara nyingi husikia maneno vizuri kama asiyevaa au kuliko yeye, kwa sababu sikio halijazidiwa. Anayepoteza kweli ni yule ambaye usikivu wake ulishapungua. Uharibifu wa kelele huanzia kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000, ambako pia kinga nyingi hukata zaidi. Kwa hiyo chifu anaposema hasikii akivaa, hadanganyi. Ameeleza dalili bila kujua. Anayefaa kumjibu ni mpimaji wa masikio, kabla ya afisa usalama kumfokea. Nyumbani dalili hiyo hutokea mezani: “shika” na “fika” zinakuwa neno moja, na mke analaumiwa kwamba anameza maneno. Vijinywele vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena.

Kuhusu vifaa vyenyewe nitasema machache. Vizibo vya sponji ni rahisi na vinafaa, ila huviringishwa kwa vidole, na vidole vya injini rumu vina mafuta. Anayeingia na kutoka mara kwa mara namshauri vifuniko. Kuvaa vyote viwili hakukupi jumla ya namba mbili. Nyongeza ni kama desibeli 5 hivi, kwani sauti hupita pia kwenye mifupa ya fuvu. Mito ya vifuniko ikikauka kwa joto na mafuta, ibadilishwe.

Kanuni ya kelele melini ya Shirika la Kimataifa la Bahari, iliyopitishwa mwaka 2012 na kuanza kutumika Julai 2014, inaruhusu hadi desibeli 110 kwenye chumba cha mashine, 85 kwenye karakana na 75 kwenye kontroli rumu. Inahusu meli mpya za tani 1,600 na zaidi. Vyombo vingi vya mwambao na vya maziwa yetu ni vidogo au vikongwe kuliko hapo, na vyumba vyake vya mashine havina hata kontroli rumu. Kwenye meli iliyo nayo, mara nyingine mlango wake umefungwa kamba ubaki wazi kwa sababu kiyoyozi kimekufa. Nawaomba wenye meli waione bili ya kiyoyozi hicho kuwa gharama ya masikio. Simu zihamie kwenye kibanda kinachozuia sauti, na kengele za hatari ziwe na taa. Mazungumzo marefu yafanyike nje ya mlango, si kando ya jenereta.

Pendekezo langu la mwisho linawahusu ninyi wanafunzi mnaojiandaa kwenda melini. Cheti cha afya cha baharia hudumu miaka isiyozidi 2, lakini kwa cheti hicho kupimwa masikio kwa kunong'onezwa hakuoneshi shimo la usikivu kwenye hezi 4,000. Kabla ya safari ya kwanza, daini kipimo cha mashine kinachofika hezi 3,000, 4,000 na 6,000, na nakala ya grafu mkae nayo wenyewe. Mikataba ya melini ni ya miezi na waajiri hubadilika. Atakayedai fidia baadaye ataulizwa usikivu wake ulikuwaje siku aliyopanda meli ya kwanza, na jibu hilo haliwezi kupimwa akiwa ameshastaafu.