Majira Yasiyo na Jina: Mwalimu Mgeni, Maua ya Usukuma na Tatizo la Kutafsiri Wakati



1. Utangulizi

Mwanafunzi wa tafsiri anapopewa shairi la Kichina linalosifu majira yanayofuata baridi kali, wakati theluji inapoyeyuka na miti ya matunda inapotoa maua kabla ya majani, hukwama kabla hajafika mshororo wa pili. Kinachomkwamisha ni jina la majira yenyewe. Akiandika "majira ya kuchipua", ameweka fasili mahali pa jina. Akiandika "masika", msomaji wake husikia ngurumo na kuona matope. Akiandika "demani", msomaji wa bara huenda asielewe chochote, na msomaji wa pwani atafikiria tanga na bahari iliyotulia. Idhaa ya Kiswahili ya Beijing, iliyoanza kutangaza mwaka 1961, imezoea kukopa tu na kusema "Sikukuu ya Spring". Hivyo jina la sikukuu ya Kichina humfikia Mswahili likiwa limevaa nguo ya Kiingereza.

Tatizo hili huonekana dogo, na aghalabu huachiwa watunga kamusi. Mhadhara huu unadai kwamba si dogo. Jina la majira halibebi hali ya hewa peke yake. Hubeba kazi za watu, matarajio yao, na ruhusa yao ya kufurahi. Kwa hiyo, anayetaka kutafsiri majira sharti aulize kwanza watu hufanya nini wakati huo, ndipo aulize mvua na jua. Ushahidi utatolewa Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria, mahali ambapo walimu wageni kutoka nchi za baridi wamekuwa wakifika kwa zaidi ya karne moja, wakiwa na majira yao vichwani.

2. Majira ya Pwani, Majira ya Ziwa

Msamiati wa majira katika Kiswahili Sanifu ni msamiati wa watu wa bahari na wa wakulima wa mwambao wa bahari. Kaskazi na kusi ni pepo kabla ya kuwa majira. Matlai ni upepo, na demani ni wakati ambapo kusi inalegea na vyombo vinaweza kusafiri kwa raha. Masika, vuli, mchoo, kipupwe na kiangazi hupanga mvua, baridi na ukavu kwa mujibu wa maisha ya Unguja na mrima. Kiunguja kilipoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifishaji, kalenda hii ya upepo iliingia katika vitabu vya shule, ikapanda garimoshi na kufika Mwanza, mji ambao hauijui kaskazi ya majahazi.

Mwanza iko takriban digrii mbili na nusu kusini ya Ikweta, katika mwinuko unaozidi mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi cha kumshtua mtu, na joto la Julai halitofautiani sana na lile la Januari. Kinachobadilika ni mvua. Huanza kwa kawaida Oktoba, huongezeka Novemba na Desemba, hurudi kwa nguvu Machi na Aprili, kisha hukatika. Juni, Julai na Agosti ni miezi mikavu.

Hapa pana kinaya kinachostahili kuangaliwa kwa makini. Ikiwa neno "kuchipua" litachukuliwa kwa maana yake halisi, basi majira ya kuchipua ya Mwanza ni Oktoba na Novemba. Baada ya miezi ya vumbi, mvua chache tu hutosha kuyageuza mabonde kuwa kijani, majembe huteremshwa na mbegu hutolewa ghalani. Lakini miezi hiyo ndiyo vuli, na "vuli" ndilo neno ambalo baadhi ya watafsiri wamelitumia kwa majira ya Ulaya ambamo majani hupukutika. Mtoto wa Mwanza akisoma tafsiri hizo huku akitazama dirishani, ataona nje nyasi zinachipua, na kitabuni ataona jina la majira yake likiwa limebandikwa kwenye mti unaokufa.

3. Mwalimu Mgeni na Macho Yake

Tumchukue kwa mfano mwalimu mgeni kutoka nchi ya baridi, anayefika Mwanza mwezi wa Septemba. Huyu ni mtu wa kubuni, lakini aina yake inafahamika. Kwao mwaka wa masomo huanza wakati majani yanapoanguka. Hapa anakuta mijakaranda imechanua zambarau juu ya ardhi kavu. Anafurahi, na katika barua yake ya kwanza anaandika kwamba amekuta majira ya maua. Wenyeji hawana furaha hiyo. Kwao Septemba ni mwezi wa kutazama mbingu, wa akiba kupungua na wa kuulizana mvua itakuja lini. Mjakaranda wenyewe ni mgeni, asili yake Amerika ya Kusini. Hauko katika kalenda ya mkulima yeyote wa Usukuma.

Mwalimu huyo akikaa mwaka wa pili, hujifunza kusoma dalili nyingine. Hujua harufu ya mvua ya kwanza juu ya majabali yenye joto. Huona mawingu ya wadudu wadogo yakiinuka kutoka ziwani kama moshi. Akivuka kwenda Bukoba mwezi wa Novemba, hukuta watu wazima na watoto wakikesha chini ya taa kuwakamata senene, na huko ng'ambo, Waganda huuita mwezi huo Museenene. Hapo ndipo anapoelewa kwamba mwambao wa ziwa una majira mengi kuliko alivyodhani. Mwezi mmoja umepewa jina kwa mdudu ambaye watu humngojea, humla na humgawia jirani.

Tofauti ya barua ya kwanza na ufahamu wa mwaka wa pili ndiyo tofauti ya tafsiri ya neno na tafsiri ya wakati. Katika barua ile, macho yalitafuta kitu kinachofanana na cha kwao yakakipata. Ufahamu wa baadaye ulitokana na kuuliza.

4. Bujora na Neno "Bulabo"

Mfano wa kihistoria ulio bora zaidi uko Bujora, Kisesa, kando ya barabara ya kutoka Mwanza kwenda Musoma. Padri David Clement, mmisionari wa Shirika la Mapadri Weupe kutoka Quebec, Kanada, aliyepewa pia jina la Fumbuka, alifanya kazi huko na kuanzisha makumbusho ya utamaduni wa Wasukuma, ambayo mwanzo wake huhesabiwa mwaka 1968. Kanisa la Bujora lilijengwa kwa umbo la duara linalokumbusha nyumba ya Kisukuma, na ngoma za watemi zilipata mahali pa kutunzwa.

Bujora hufanyika sherehe ya Bulabo, mwezi wa Juni, sambamba na sikukuu ya Kanisa ya Mwili na Damu ya Kristo. Sikukuu hiyo huhesabiwa siku 60 baada ya Pasaka. Ikiadhimishwa Alhamisi, haiwezi kutangulia tarehe 21 Mei wala kupita tarehe 24 Juni. Katika nchi za kaskazini, Quebec ikiwamo, huo ni wakati ambapo baridi imekwisha na bustani zina maua, na desturi ya kupamba njia ya maandamano kwa maua ilikua katika mazingira hayo. Mwanza, wiki hizo hizo, mvua za masika zimekatika. Mtama, mahindi na mpunga vinavunwa, na pamba inafunguka.

Neno "bulabo" linahusiana na maua. Kiambishi bu- ni cha ngeli ya 14 katika lugha za Kibantu, ndugu wa u- wa Kiswahili katika "utoto" na "uzee", na ngeli hiyo hubeba majina ya dhahania na ya vitu vichukuliwavyo kwa jumla. Kwa hiyo, jina la sherehe halikutafsiri jina la Kilatini la sikukuu, wala halikujaribu kuunda istilahi ya kitaalimungu. Lilichukua kitu kilichoonekana njiani, yaani maua, likakifanya jina la wakati.

Lakini kinachowakusanya watu Bulabo si maua. Ni ngoma. Makundi mawili ya jadi, Bagika na Bagalu, hushindana. Kila upande hucheza kwa wakati mmoja na mwenzake, na mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi. Wacheza bugobogobo hurusha majembe, chombo kile kile kilicholima shamba lililokwisha kuvunwa. Wengine hucheza na nyoka. Mashindano ya namna hii ni ya baada ya mavuno, kwa sababu mtu hawezi kushinda kutwa uwanjani wakati palizi inamngoja. Juni hutoa nafasi, chakula na nguvu.

Hivyo basi, Bulabo imekutanisha mambo matatu yenye asili tofauti: sikukuu iliyokuja na Kanisa, ngoma za Wasukuma, na jina lililotoka katika lugha ya mahali. Si haki kumpa padri mmoja sifa ya yote hayo. Sifa inayomstahili ni nyingine: alikubali kwamba furaha ya majira ya watu wengine ina mantiki yake, na kwamba mgeni hana budi kuingia katika mantiki hiyo badala ya kupanda bustani ya kwao.

5. Ukerewe: Mwenyeji Aandikapo

Kisiwani Ukerewe, uhusiano wa mwalimu mgeni na mwenyeji ulizaa kitabu. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alisomeshwa na wamisionari, akajua lugha kadhaa. Kwa kutiwa moyo na Padri Almas Simard, naye Mkanada, aliandika kwa Kikerewe riwaya ya Myombekere na Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945. Kwa muda mrefu haikupata mchapishaji. Mwandishi mwenyewe aliifasiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa katika juzuu mbili mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981. Gabriel Ruhumbika, mwana wa Ukerewe, aliitafsiri kwa Kiingereza kutoka Kikerewe, na tafsiri hiyo ikatoka mwaka 2002.

Faida ya riwaya hiyo kwa mada hii ni dhahiri. Wakati hautajwi ndani yake kama pambo la mandhari. Hujulikana kwa kilimo, uvuvi, vyakula, ugonjwa na tiba, na safari za kwenda ukweni. Simard alihimiza, Kitereza akahesabu. Mwalimu mgeni aliyefaa alikuwa yule aliyemwachia mwenyeji kalamu.

6. Pingamizi

Mtu anaweza kusema kwamba kama "bulabo" ni majira ya maua na furaha, basi tatizo la mwanafunzi wetu limekwisha. Na alichukue neno hilo. Hapana. Majira ya kaskazini yanayofuata baridi hubeba mambo mawili pamoja: tumaini la kupanda, na furaha ya maua. Mwambao wa ziwa hutenganisha mambo hayo. Tumaini liko Oktoba na Novemba, katika mvua za kwanza, wakati ghala ni jepesi. Furaha iko Juni, baada ya mavuno, wakati ardhi inakauka. Mkulima wa Kisesa hachezi anapotumaini, na anapocheza huwa anashukuru. Hakuna neno moja la Mwanza linaloweza kubeba vyote viwili.

Wachina wenyewe hutoa funzo hapa. Chunjie, sikukuu yenye jina la majira hayo, huangukia baina ya mwisho wa Januari na nusu ya pili ya Februari, wakati Beijing bado ina barafu. Jina hutangulia hali ya hewa. Watu husherehekea kitu wanachokingoja.

Kwa mantiki hiyo, mtafsiri hana budi kuuliza shairi lililo mbele yake limebeba nusu ipi. Likiwa la kungoja, msamiati wa mvua za kwanza utamfaa. Likiwa la kushangilia, msamiati wa mavuno na ngoma utakuwa karibu zaidi. Likiwa la elimu ya jiografia, "majira ya kuchipua" yatosha, mradi mwalimu aeleze kwamba kila nchi huchipua kwa mwezi wake.

7. Hitimisho

Yapo mambo mawili ya kutendwa. La kwanza ni la kamusi: "vuli" na "masika" yasiendelee kubandikwa juu ya majira ya Ulaya bila maelezo, kwani kufanya hivyo humnyang'anya mtoto wa ziwani jina la mvua yake. La pili ni la wanafunzi. Kisukuma, Kikerewe, Kihaya, Kijita na lugha nyingine za mwambao zina majina ya nyakati ambayo hayamo katika kamusi za Kiswahili. Wazee wanaoyajua hawatadumu milele, na wajukuu wao wanakariri majira manne ambayo hawajapata kuyaona.

Mgeni anayeipenda nchi huanza kwa kusifu maua yake, na hilo si kosa. Kosa ni mwenyeji kukubali kwamba maua hayo ndiyo majira yake, wakati jembe lake linamwambia mengine.